Maamuzi ya Nyumbani na Ukimya wa Karakanani

SWALI: Mimi na mume wangu tunaendesha karakana ya samani. Tuko watu kumi na wanne, na wanne kati yetu ni familia: sisi wawili, shemeji yangu anayeshughulikia oda na ununuzi wa mbao, na binti yetu ambaye ameanza kushika mahesabu. Miezi ya karibuni mafundi wawili wazuri wameondoka. Wote waliaga kwa heshima, wakasema tu kwamba wamepata nafasi pengine. Tumejitahidi: tumeanzisha kikao cha kila Jumatatu, tumefungua kundi la WhatsApp, tumetundika sanduku la maoni. Kikaoni watu wanasema "sawa bosi", kundini wanaweka dole gumba, na sandukuni tumepata karatasi mbili tu, moja inaomba feni ya chumba cha kupakia vanishi. Mishahara yetu si mibaya tukijilinganisha na wenzetu. Mume wangu anasema watu wa siku hizi hawana moyo wa kazi. Mimi nahisi kasoro iko kwenye mazungumzo yetu nao, ila sioni ni wapi. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, nadhani hisia yako ni sahihi, ila kasoro haiko kule mlikoitafuta. Mmefungua njia tatu za kuwafanya mafundi waseme, lakini hamjagusa mahali ambapo maamuzi yenu yanafanyika. Katika biashara ya familia kikao chenyewe hasa hufanyika jioni mezani, au njiani mkirudi nyumbani, au usiku mume na mke wanapozungumza kabla ya kulala. Huko ndiko inakoamuliwa kwamba oda kubwa ikubaliwe, kwamba fulani ahamishiwe kwenye kupiga msasa, kwamba malipo ya saa za ziada yasubiri hadi mteja alipe. Likifika Jumatatu, jambo limeshaiva. Fundi anayesema "sawa bosi" anajibu kwa usahihi kabisa: ameletewa uamuzi uliokwisha kupita, na uamuzi wa namna hiyo haumdai chochote zaidi ya kuitikia.

Kabla hamjabadilisha lolote, fanya zoezi moja. Chukua karatasi uandike mambo matano ya mwisho yaliyowagusa wafanyakazi wenu: badiliko la zamu, oda iliyoahirishwa, mashine mpya, kuondoka kwa mwenzao, kuja kwa binti yenu kwenye mahesabu. Kwa kila jambo, jiulize nani alilijua kwanza, alilijua kupitia kwa nani, na aliyekuwa wa mwisho alilipata lini. Kwa nilivyoziona familia zenye biashara za ukubwa huu, ningetegemea ukute kwamba shemeji alimdokezea fundi anayeelewana naye, binti alijibu swali la mtu stoo bila kujua kwamba ilikuwa siri, na mume wako alidhani wewe umeshawaambia. Watu kumi wasio wa familia wamepata habari moja kwa siku tofauti na kwa maneno tofauti. Aliyeipata mwisho amejifunza jambo la pili ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha, nalo ni umbali wake na nyumba yenu.

Hili halitokani na ubaya wa mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Renato Tagiuri na John Davis wa Chuo Kikuu cha Harvard walichora miduara mitatu inayoingiliana: familia, umiliki, na biashara yenyewe. Mchoro huo bado unatumiwa sana na washauri wa biashara za familia, kwa sababu unaonyesha haraka nani anasimama wapi. Wewe na mume wako mko katikati kabisa, mahali miduara yote mitatu inapokutana. Shemeji na binti wako ndani ya miwili, au mitatu kama wana hisa. Mafundi kumi wako ndani ya mmoja tu. Mtu aliyesimama katikati husikia kila jambo mara tatu, tena kwa sauti tatu, kiasi kwamba anaamini kila mtu amelisikia. Aliye kwenye mduara mmoja hupata kile ambacho mtu amekumbuka kumletea. Ndiyo maana utakuta mwenye biashara anaapa kwamba amesema, na fundi anaapa kwamba hakuambiwa, na wote wawili ni wakweli.

Sasa nije kwenye neno la mume wako, kwa sababu lisipojibiwa litazuia mengine yote. Mwaka 1990 mtafiti William Kahn alichapisha matokeo ya utafiti wake katika sehemu mbili zisizofanana hata kidogo: kambi ya vijana ya majira ya joto, na ofisi ya wasanifu majengo. Alichokiona ni kwamba mtu yule yule hujitoa kwa moyo wote katika saa moja na kujizuia katika saa nyingine, siku hiyo hiyo, kazi ile ile. Kinacholeta tofauti ni maswali matatu ambayo mtu hujiuliza bila kuyatamka. Nikijitoa hapa, kuna maana yoyote? Nikijitoa, niko salama? Na je, leo nina nguvu na nafasi ya kujitoa? Kama Kahn yuko sahihi, na mimi naamini yuko sahihi, basi moyo wa kazi si kitu ambacho fundi anakuja nacho au anakiacha nyumbani kwake. Hupanda na kushuka kulingana na anachokutana nacho mlangoni kwenu.

Kati ya maswali hayo matatu, la usalama ndilo zito zaidi katika biashara ya familia, na ningependa tulikalie kidogo.

Mchukue fundi anayejua kwamba mbao zinachelewa kwa sababu oda ya mbao hutolewa baada ya mteja kulipa malipo ya awali, wakati ingeweza kutolewa mara tu vipimo vinapothibitishwa. Hilo ni wazo la kazi, tena zuri. Lakini anayeagiza mbao ni mdogo wake bosi. Kabla ya kufungua mdomo fundi anapiga hesabu: nikilisema hili mbele ya watu, nitakuwa nimemshitaki nani, kwa nani? Jioni hawa wawili watakaa meza moja. Kesho nitakuwa na uhusiano gani na mtu anayenigawia oda? Katika kampuni isiyo ya familia lawama juu ya ununuzi ni lawama juu ya idara. Kwenu ni lawama juu ya ndugu. Kwa hiyo fundi mwenye akili anachagua kunyamaza, na kadiri anavyoiheshimu familia yenu ndivyo anavyonyamaza zaidi. Ndiyo maana pia wale wawili waliaga kwa upole bila kutoa sababu.

Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi hospitalini akitegemea kwamba timu zilizo bora zitakuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaja kinyume: timu zenye uongozi mzuri na uhusiano mzuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi. Alipotafuta sababu, maelezo yaliyojitokeza ni kwamba watu wa timu zile walikuwa tayari kuyataja makosa, na wenzao walikuwa wakiyaficha. Nakuletea habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, utulivu wa kikao chenu cha Jumatatu usiwape faraja. Pili, mkianza kufanya yale nitakayoeleza hapa chini, mtasikia malalamiko mengi kuliko sasa, si machache. Mwambie mume wako mapema, ili siku yakija asiseme, "Unaona? Tumewapa nafasi, sasa wanatuchokoza."

Mnaanzia nyumbani, ninyi wanne peke yenu, kabla ya kuwaita mafundi. Kubalianeni mambo mawili.

La kwanza: uamuzi unaogusa kazi ya mtu haufungwi nyumbani. Mnaweza kuujadili mezani, mnaweza kuwa na mwelekeo, lakini haujakamilika mpaka mtu atakayeufanyia kazi awe ameulizwa. Ukishakamilika, unatangazwa na mtu mmoja, siku moja, kwa wote. Kabla ya hapo hakuna kati yenu wanne anayedokeza, hata kwa fundi anayempenda kuliko wote. Kwa shemeji yako hili litakuwa gumu, maana anayedokeza habari hupendwa kwa kudokeza, na mtu hapendi kunyang'anywa kitu hicho. Ongea naye kwa upole, ukimweleza kwamba kila dokezo analompa mmoja linamfanya mwingine aonekane mgeni.

La pili: kila fundi ana mtu mmoja anayempangia kazi. Sikuona ukilitaja kwenye barua yako, lakini naliuliza kila mara, na mara nyingi jibu huwa lile lile. Asubuhi baba mwenye karakana anasema kabati la mteja fulani limalizwe leo. Saa nne shemeji anakuja na simu mkononi, anasema acha hilo, meza ya ofisi inahitajika kesho. Mchana mama anapita na kuuliza kwa nini kabati halijapakwa vanishi. Fundi hawezi kumwambia yeyote kati ya hao watatu kwamba anakosea, kwa sababu wote ni wenye mali machoni pake. Shirika la Gallup la Marekani, ambalo limekuwa likipima ari ya wafanyakazi kwa maswali kumi na mawili, limeweka mbele kabisa swali la kama mtu anajua anachotarajiwa kufanya kazini. Hakuna kikao wala zawadi itakayomtuliza mtu asiyejua hilo. Kwa hiyo andikeni ubaoni majina ya mafundi, na mbele ya kila jina mtu mmoja anayempangia. Mwanafamilia mwingine akitaka mpango ubadilike, anakwenda kwa huyo mpangaji, hamwendei fundi. Mkikosana juu ya oda ipi itangulie, kosaneni ofisini mlango ukiwa umefungwa, kisha tokeni na neno moja.

Kwa maoni yangu jambo hili la pili peke yake litawarudishia pumzi wafanyakazi wenu ndani ya wiki chache.

Baada ya hapo ndipo inakuja namna ya kuwaeleza watu maamuzi, na hapa nina utafiti mmoja ambao ningependa kila mwenye biashara aujue. Mtafiti Jerald Greenberg aliuchapisha mwaka 1990. Kampuni moja ya Marekani ilipoteza mikataba, ikalazimika kupunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki kumi katika viwanda vyake viwili. Katika kiwanda cha kwanza, uongozi ulikaa na wafanyakazi kwa takriban saa moja na nusu, ukawaonyesha hali ya fedha, ukaeleza kwa nini njia hii ilichaguliwa badala ya kupunguza watu, ukaonyesha wazi kwamba unasikitika, ukajibu maswali. Katika kiwanda cha pili tangazo lilichukua kama robo saa, bila maelezo ya maana. Makato yalikuwa sawa. Wizi wa mali ya kampuni uliongezeka katika viwanda vyote viwili, lakini kule walikopewa tangazo kavu uliongezeka kwa kiasi kikubwa zaidi, na watu wengi zaidi wakaacha kazi. Kiwanda cha tatu, ambacho mishahara yake haikuguswa, hakikuona mabadiliko ya namna hiyo. Mishahara iliporudi, wizi nao ukashuka.

Tazama kilichotenganisha viwanda hivi viwili. Fedha iliyokatwa ni ile ile, na wiki ni zile zile. Tofauti ilikuwa dakika sabini na kitu za kuwachukulia watu wazima kama watu wazima.

Kwenu hali inaweza kuwa ndogo zaidi. Tuseme mmepokea oda inayohitaji kazi ya Jumamosi tatu. Tangazo la kawaida kundini litasema: "Jumamosi hii na mbili zijazo ni kazi. Asanteni." Maelezo yanayomheshimu mtu yanakwenda hivi, tena yanasemwa kwa mdomo: "Tumepata oda ya viti na meza za ukumbi, na mteja anazitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Tulifikiria kuikataa, tukafikiria pia kuomba msaada wa karakana nyingine, lakini tukiwapa wengine hatuwezi kusimamia ubora. Kwa hiyo tunahitaji Jumamosi tatu. Malipo ya saa za ziada yatatoka pamoja na mshahara wa mwezi huu, hayatasubiri mteja. Jambo moja bado hatujalijua: kama vitambaa vitafika kwa wakati. Tutawaambia Alhamisi. Nani ana jambo la nyumbani linalomfunga Jumamosi mojawapo? Tulipange sasa." Ndani ya maneno hayo kuna sababu, kuna njia nyingine zilizopimwa zikaachwa, kuna athari kwa mfuko wa fundi, kuna mwisho wa kipindi, na kuna jambo lisilojulikana ambalo limetajwa bila kufichwa. Hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linalowafanya wasikilizaji waamini mengine yote.

Lakini maelezo mazuri hayafuti dhuluma. Kama saa za ziada hazilipwi, kama mtu anaahidiwa na hapewi, kuongea vizuri kutaongeza tu hasira. Umesema mishahara yenu si mibaya, nami nachukua hilo kama lilivyo. Hakikisha tu kwamba inatoka kwa siku inayojulikana.

Sasa kusikiliza, na hapa narudi kwenye ile karatasi ya feni.

Naona uliitaja kama dalili kwamba sanduku halijaleta kitu. Mimi naiona kama kitu cha thamani kuliko vyote mlivyopokea. Chumba cha kupakia vanishi kisicho na hewa ya kutosha kinamuumiza mtu: harufu ile ni mvuke wa kemikali, inaumiza kichwa na kifua, tena inaweza kushika moto. Hivyo ombi lenyewe ni la afya na usalama, na feni ya kawaida ya mezani haitoshi. Panahitajika kifaa cha kuvuta hewa chafu kuitoa nje, kisichotoa cheche, na barakoa zinazofaa kwa mvuke, kwa ushauri wa mtu anayejua mambo hayo. Na zaidi ya afya kuna jambo jingine. Mtu aliyekaa kimya kwa muda mrefu hakuletei kwanza jambo kubwa linalomsumbua. Anakuletea dogo, lisilomtaja mtu, aone litaishia wapi. Likijibiwa, ataleta la pili. Lisipojibiwa, amepata jibu lake, na wenzake tisa wamelipata pia. Hukusema kama mlimjibu. Kama bado, lijibuni wiki hii, mbele ya watu wote, bila kumtafuta aliyeandika.

Kisha lishusheni sanduku. Katika karakana ya watu kumi na wanne mwandiko wa kila mtu unajulikana, kwa hiyo siri yake ni ya jina tu. Badala yake, weka mazungumzo ya mtu mmoja mmoja, dakika ishirini, mara moja kwa mwezi. Mafundi kumi ni mazungumzo mawili au matatu kwa wiki, unaweza. Nashauri uanze wewe, kwa sababu wewe ndiye mwenye hamu ya kusikia, na hamu huonekana usoni. Kaeni mahali ambapo shemeji na binti hawapiti, lakini pasipofichika kiasi cha kuzua majungu. Wote wajue kwamba kila mtu ana zamu yake, asije wa kwanza akadhani ameitwa kuonywa.

Usiulize "Una tatizo lolote?" Swali hilo lina jibu moja tu: "Hapana, mama, niko sawa." Uliza kuhusu kazi yenyewe. Wiki iliyopita ni nini kilikusimamisha ukiwa katikati ya kazi? Ni kazi gani ulilazimika kuirudia, na kwa nini? Kuna habari umeisikia juu juu ambayo ungependa kuijua sawasawa? Ukipewa uamuzi mmoja tu hapa karakanani, ungebadilisha nini? Andika anachosema, mbele yake, na mwishoni umsomee ulichoandika ili asahihishe. Akigusa jambo la shemeji au la mume wako, jizuie kabisa kueleza kwa nini mambo yako hivyo. Utajisikia kutaka kumtetea, ni damu yenu. Sema tu, "Nimekuelewa. Nitalifuatilia bila kutaja jina lako, na utapata jibu kabla ya Ijumaa ijayo." Na Ijumaa ijayo jibu liwepo, hata kama ni hapana. Hapana yenye sababu mtu huipokea na kuendelea na kazi. Asichoweza kukipokea ni kuzungumza na kisha kutosikia tena.

Mwezi wa kwanza wengi hawatakuambia kitu. Watazungumzia patasi butu na taa iliyoungua. Nunueni patasi, badilisheni taa, endeleeni.

Kuhusu binti yenu. Mtu anayeingia kwenye kitengo cha fedha akiwa mtoto wa wenye mali huleta maswali ambayo hakuna fundi atakayeyauliza. Amekuja kutukagua? Tukizungumza mbele yake, maneno yanafika nyumbani? Tukidai malipo yetu kwake akikataa, tunaweza kumpita? Yajibuni bila kuulizwa. Waambieni wafanyakazi kazi yake ni ipi, nini anaweza kuamua peke yake na nini hawezi, na fundi asiporidhika na hesabu yake aende kwa nani. Na ninyi wazazi msimtumie kuwa sikio lenu, hata kwa nia njema. Akirudi nyumbani mkamuuliza, "Fulani leo alisemaje?", mmemharibia kazi yake kwa swali moja.

Kuna jambo jingine linalofungamana na hili, nami nashuku kwamba liliwahusu wale wawili walioondoka. Fundi hodari akifika mahali fulani hujiuliza: hapa nitafika wapi? Akitazama juu anaona baba, mama, baba mdogo na mtoto. Hakuna aliyemwambia kwamba njia imefungwa, na hakuna aliyemwambia kwamba iko wazi, kwa hiyo anaamini kile anachokiona. Mambo ya namna hii familia huyaacha hewani kwa kuona haya, au kwa sababu ndugu wenyewe hawajakubaliana. Kubalianeni, kisha semeni. Mnaweza kusema waziwazi kwamba umiliki utabaki ndani ya familia, lakini nafasi ya msimamizi wa karakana itakwenda kwa fundi anayestahili, na sifa zake ni hizi na hizi. Watu hustahimili ukweli huo vizuri kuliko mnavyofikiri. Kama nafasi hiyo haipo, usiiahidi. Sema kipi kingine kipo: kujifunza mashine mpya, kusimamia wanafunzi wa kazi, kupewa mteja mkubwa amhudumie mwanzo hadi mwisho.

Na hao wawili, wapigie simu wewe mwenyewe. Usiwaombe warudi. Waulize tu ni lini walianza kufikiria kuondoka, na nini kilikuwa kimetokea wiki hiyo. Swali la "kwa nini uliondoka" huleta jibu la heshima. Swali la "lini" huleta kisa.

Kikao cha Jumatatu kiacheni kiendelee, lakini kifupisheni kiwe cha robo saa, mkiwa mmesimama karibu na kazi. Kila fundi aseme anachokifanya wiki hii na kitakachoweza kumkwamisha. Wenye mali waseme mwisho, maana mkianza ninyi mmemaliza kikao. Kundi la WhatsApp libaki la matangazo ya ratiba tu. Pasiwe na karipio humo, hata dogo, na pasiwe na maagizo ya usiku.

Huenda mtajiuliza kama muwafungulie vitabu vya hesabu. Kuna kampuni iliyofika mbali sana kwa njia hiyo: Springfield ReManufacturing ya jimbo la Missouri, Marekani, ambayo mwaka 1983 ilinunuliwa na mameneja na wafanyakazi wake ikiwa na mzigo mkubwa wa madeni, na chini ya kiongozi wake Jack Stack ikawafundisha wafanyakazi wote kusoma hesabu za kampuni. Kwenu sioni haja ya kufika huko sasa. Chagueni namba tatu ambazo fundi anaweza kuzigusa kwa mikono yake: oda zilizotoka kwa wakati, samani zilizorudishwa na wateja kwa marekebisho, na mbao zilizoharibika. Binti yenu aziandike ubaoni kila mwezi na kuzieleza. Itampa pia njia ya heshima ya kujulikana kwa kazi yake. Sharti langu ni moja: mkianza, msiache mwezi mbaya ukifika. Namba zinazotoweka zikiwa mbaya huwaambia watu zaidi kuliko zingesema zikiwa ubaoni.

Mwisho ni mume wako. Usimshinde kwa hoja, wala usimpe barua hii aisome kama hukumu. Mwombe kitu kimoja: awapelekee mafundi uamuzi mmoja ambao yeye mwenyewe hajaufanya. Uwe wa kweli na wenye uzito kidogo, kwa mfano namna ya kupanga upya mashine ili mbao zisibebwe mara mbili, au mashine ipi itangulie kununuliwa. Awaambie mipaka mapema, kwamba fedha iliyopo ni kiasi hiki na uamuzi lazima utoke kabla ya tarehe fulani. Kama moyoni ameshaamua, basi asiulize kabisa. Watu hugundua mara moja wanapoulizwa kwa ajili ya sura tu, na baada ya hapo hata swali la kweli halitaaminika. Wakishatoa mawazo, awaeleze alichokichukua na alichokiacha, na sababu.

Msipime mafanikio kwa kelele za kikaoni wala kwa tabasamu. Pimeni kwa jambo hili: habari mbaya inawafikia lini? Leo nadhani mnajua kwamba kabati lilikatwa vipimo vibaya pale mteja anapopiga simu. Siku fundi mwenyewe atakapokuja ofisini asubuhi na kusema, "Mama, jana nilikata vibaya, tunahitaji ubao mwingine, na nadhani vile vipimo viliandikwa kwa haraka," mpe ubao, mshukuru, na mwite shemeji mkae wote watatu mtazame namna vipimo vinavyoandikwa.